Jabali Limefika kwa Bi Sikudhani

Jamhuri ya Tambarare ni nchi ya milima mitupu. Jina lake lilichaguliwa na kamati iliyokutana katika ukumbi wenye sakafu nzuri, na tangu siku hiyo kupanda mlima ndani ya mipaka ya Jamhuri kumeitwa, katika nyaraka zote za Serikali, kutembea. Wananchi wanatembea wakihema. Wazee wanatembea kwa mikono na magoti. Hakuna anayelalamika, kwa sababu fomu za malalamiko hutolewa kileleni.

Mwaka zilipotokea habari hizi, Serikali ilikuwa imenunua magari mia moja arobaini na manne aina ya Jabali. Yalikuwa mashangingi meusi, mapana kama ghala, yenye viti vinavyokanda mgongo, friji ya soda mbele na friji nyingine nyuma, iwapo ile ya mbele itaonekana iko mbali. Kabla ya kuyapokea, Kamati ya Manunuzi ilisafiri hadi kiwandani, ng'ambo, ikakaa huko majuma sita, na ikatoa agizo moja tu la kiufundi: kwamba ni utovu wa adabu gari kumwashia Waziri taa nyekundu usoni. Mafundi wa kiwanda walieleza kwa upole kwamba taa nyekundu ndiyo inayomjulisha dereva kuwa maji yamechemka au oili imekwisha. Kamati ikajibu, kwa upole zaidi, kwamba katika Jamhuri ya Tambarare habari mbaya huandikwa kwa lugha nzuri.

Basi taa zote za hatari ziling'olewa, na mahali pake pakawekwa kioo kipana chenye maandishi ya kijani. Maji yakichemka, kioo huandika: *Karibu, Mheshimiwa.* Giaboksi ikianza kusaga meno, kioo huandika: *Furahia safari.* Na injini inapokufa kabisa, kioo huandika neno moja kubwa, na spika kumi na nane hulitamka kwa sauti ya mwanamke mtulivu: *Umefika.*

Bunge nalo, kwa kuwa lilikuwa na mchana mmoja usio na kazi, likapitisha sheria iliyo fupi kuliko zote katika vitabu vya Jamhuri: Gari la Serikali likisema umefika, umefika.

Bi Sikudhani Mwaruka hakuwa na habari ya sheria hiyo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mshonaji wa sare za shule katika kijiji cha Uwandani, ambacho kimening'inia ubavuni mwa mlima kama nguo iliyoanikwa. Alichokuwa nacho duniani kilikuwa nyumba: vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, bati jipya. Aliijenga kwa miaka kumi na moja. Mwaka wa kwanza alichimba msingi. Mwaka wa pili mvua iliujaza msingi, bata wa jirani wakaogelea humo, naye akawasubiri wamalize. Mwaka wa tano kuta zilifika kiunoni, na watu walizoea kumkuta jioni amesimama katikati ya kuta hizo, mikono kifuani, akitazama mlango ambao haujawekwa. Alipohamia, hakualika mtu. Alifunga mlango kwa ndani, akaufungua, akaufunga tena, hivyo hivyo mpaka jua likazama.

*

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, alikuwa kibarazani akishona kola wakati msafara ulipojitokeza kwenye kona. Mbele kulikuwa na ving'ora, nyuma pikipiki za askari, na katikati Jabali moja lenye umri wa siku kumi na tisa. Ndani yake alikuwamo Waziri wa Afya na Ustawi, Mheshimiwa Dakta Mwinjuma Kagoroba, akielekea Mwangaza, kilomita tisa mbele, kufungua kituo kipya cha afya chenye vitanda arobaini, maabara na chumba cha upasuaji.

Usawa wa nyumba ya Bi Sikudhani, Jabali lilikohoa. Likatoa moshi mweupe, likateremsha vioo vya madirisha yote kwa kiasi cha kiganja kimoja, likajifunga milango yote kwa ndani, likasimama.

“Umefika,” ilisema sauti ya mwanamke mtulivu, na bonde zima likasikia.

Kutoka kwenye pikipiki moja alishuka mtu mwembamba aliyevaa suti nzito na kukumbatia kitabu kinene. Huyo alikuwa Bwana Kilatu, Afisa Itifaki wa Wizara. Alitazama gari, akatazama nyumba, akafungua kitabu, akakifunga.

“Mwenye nyumba hii ni nani?”

“Ni mimi, baba. Karibuni sana. Poleni, gari limewaharibikia?”

Askari wawili walivuta pumzi kwa pamoja. Bwana Kilatu alitabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto aliyejikojolea.

“Mama, gari la Serikali haliharibiki. Limefika.”

“Limefika wapi?”

“Kituo cha Afya cha Mwangaza.”

“Mwangaza ni kule juu, baba. Hapa ni Uwandani. Hii ni nyumba yangu.”

“Ilikuwa,” alisema Bwana Kilatu, na kwa adabu kubwa akamwomba asogee, kwa sababu alikuwa amesimama mahali pa kukatia utepe.

Waziri hakuweza kushuka, kwa kuwa milango ilikataa. Alihutubia akiwa ndani, kupitia ule upenyo wa kiganja kimoja, na wanakijiji waliokusanywa na kuketishwa mbele waliona pua yake na sehemu ya mdomo.

“Ndugu wananchi wa Mwangaza!”

“Hapa ni Uwandani, Mheshimiwa,” ilisema sauti ya mwanamke mmoja kutoka nyuma ya umati.

“Ndugu wananchi wa Mwangaza,” alirudia Waziri, na askari mmoja akawakagua watu kwa macho, taratibu, mpaka wote wakakumbuka kuwa ni wa Mwangaza. “Wapo wanaosema kwamba maendeleo yako mbali. Leo nimetoka mji mkuu saa kumi na mbili asubuhi, na saa nne nimefika! Je, hayo yako mbali? Wapo wanaosema kwamba kituo hiki kingechukua miaka kumalizika. Mimi nakiona kimekamilika, kina bati, kina mlango, kina hata…” hapa pua ilisogea upande ili jicho lichungulie, “kina hata maua! Serikali yenu haikuwaahidi maua. Imeyaleta kimyakimya.”

Watu walipiga makofi. Utepe rasmi ulikuwa umebaki kwenye buti, na buti nalo lilikuwa limejifunga, kwa hiyo ulichukuliwa utepe wa kupimia nguo wa Bi Sikudhani, ukafungwa mlangoni. Mkasi ulipitishwa dirishani, utepe ukavutwa mpaka kwenye gari, na Waziri akaukata katikati ya namba sitini na sitini na moja. Baadaye askari walimtoa Waziri kupitia paa la kioo, wakampandisha kwenye pikapu iliyobeba mbuzi, na Bwana Kilatu akaandika katika kitabu kwamba Mheshimiwa alirejea mjini akifanya ziara ya kujionea mifugo.

Bwana Kilatu mwenyewe alibaki. Kituo kikishafunguliwa lazima kiwe na orodha ya vifaa, na yeye alikuwa mtu wa kufanya kazi. Alipita chumba hadi chumba akiandika kwa mwandiko mzuri. Kitanda cha Bi Sikudhani: wadi ya wazazi. Jiko la mkaa: kitengo cha kuchemshia vyombo vya upasuaji. Choo cha nje: maabara. Cherehani: mashine ya kushonea majeraha, moja, ya kukanyaga kwa mguu. Ukutani ilikuwa imetundikwa picha ya marehemu Mwaruka, mumewe, amevaa koti.

“Huyu nani?”

“Marehemu mume wangu.”

Bwana Kilatu alimtazama marehemu kwa muda. “Ana uso wa heshima,” alisema, akaandika: Mganga Mkuu, kwa sasa hayupo.

“Baba,” Bi Sikudhani alisema, na sauti yake ilikuwa bado ile ya kukaribisha wageni, maana alikuwa hajapata nyingine ya kutumia, “nami nitalala wapi?”

“Wewe ni mgonjwa?”

“Mimi ni mzima.”

“Basi huwezi kulala hospitalini. Ni kosa la jinai.”

“Na nikiwa mgonjwa?”

“Utalazwa. Serikali haimfukuzi mgonjwa.” Akageuza ukurasa. “Chagua ugonjwa, mama. Upo wa tumbo, wa kifua na wa kichwa.”

Bi Sikudhani alichagua kichwa, kwa sababu kweli kilianza kumuuma. Bwana Kilatu akamwandikia kitanda nambari moja, akamweleza masharti. Mgonjwa katika Jamhuri ya Tambarare hulazwa siku kumi na nne. Siku ya kumi na nne, saa kumi na mbili jioni, huwa amepona au amekufa. Kwa vyovyote vile hutoka, na vitu alivyovikuta hubaki.

*

Dereva wa Jabali aliitwa Luhende, mtu wa makamo, mpole, ambaye kwa mujibu wa kanuni hakuruhusiwa kuliacha gari. Alilala ndani yake kwenye kiti kinachokanda, na kwa kuwa kitufe cha kukanda kilikwama, alikandwa usiku kucha kila siku, akawa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kioo kiliendelea kuwaka. Katika Jabali zima, betri ya kioo ndiyo pekee iliyotengenezwa vizuri.

“Si uite fundi, kaka yangu?” Bi Sikudhani alimwambia asubuhi ya pili, akimpitishia uji dirishani.

“Nimemwita, dada. Fundi Mkuu ameniuliza, limeharibika au limefika? Nikasema limefika. Akasema hatengenezi gari lililofika. Kiwandani nako tumeandika. Wamejibu kwamba dhamana yao ni kwa magari yaliyoshindwa kufika. Hili letu limefika vizuri, wametupongeza.”

“Na yale mengine?”

Luhende alipuliza uji. “Yanafika, dada. Yanafika kila siku.”

Ilikuwa kweli. Katika majuma yale magari ya Jabali yalikuwa yakifika nchi nzima. Moja lilifika kwenye mizinga ya nyuki, na hapo pakafunguliwa stesheni ya reli. Moja lilifika katikati ya mto, na daraja likazinduliwa huku watu wakiendelea kuvuka wamejifunga nguo shingoni. Waziri wa Elimu ya Juu alifika kwenye josho la ng'ombe. Chuo kikuu kikazinduliwa papo hapo, na wahitimu wake wa kwanza, madume sabini na watano, walivuka upande wa pili bila kupe hata mmoja, jambo ambalo vyuo vya zamani havijawahi kulidai. Redio ilitangaza kwamba hakuna nchi iliyowahi kukamilisha miradi mingi hivyo kwa muda mfupi hivyo, na Bwana Kilatu alipandishwa cheo akiwa amekaa kibarazani kwa Bi Sikudhani akinyoa ndevu.

Kituo halisi cha afya kule Mwangaza kilibaki na vitanda vyake arobaini ndani ya nailoni. Kwa kuwa Waziri hakukifikia, hakikuwapo. Askari aliwekwa getini ili mtu asije akatibiwa mahali pasipokuwapo.

Mgonjwa wa kwanza aliletwa siku ya tano. Alikuwa Mzee Lubele, mkulima wa vitunguu, kifua kimembana, amebebwa kwenye machela na wanawe wanne kutoka kijiji kilicho nyuma ya Mwangaza. Walikuwa wamepita mbele ya lango la kituo chenye dawa. Askari aliwaambia, bila ubaya wowote, kwamba hospitali iko chini. Bi Sikudhani alimlaza mzee kitandani, akamfungua vifungo vya shati, akamnywesha maji ya moto yenye tangawizi. Hakuwa na kingine. Mzee alimshika mkono, akamwita muuguzi, akamshukuru, na kabla ya adhuhuri akafa.

Bwana Kilatu alifungua daftari. Palikuwa na safu moja tu ya matokeo. Akaandika: Ameruhusiwa.

“Ameruhusiwa kwenda wapi?” aliuliza mwanawe mkubwa.

“Nyumbani, kijana wangu. Si mlikuja naye na machela? Mungu awape nini zaidi.”

*

Jirani aliyekuja kila siku kumtazama mgonjwa wa kitanda nambari moja alikuwa Bi Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu, ambaye ndiye aliyepaza sauti siku ile kusema hapa ni Uwandani. Nyumba yake ya udongo ilikuwa kilomita moja zaidi, kando ya barabara hiyo hiyo inayopanda Mwangaza, na ndani yake aliishi na wajukuu wanne walioachwa na binti yake. Alikuwa na mdomo usiofungika.

“Shoga, umepauka. Ugonjwa wa Serikali umekukaa vizuri,” alisema siku ya kumi, akiweka kunde na ugali pembeni ya kitanda.

“Zimebaki siku nne, Nyamizi.”

“Nne? Basi una muda wa kufa taratibu.”

“Wewe cheka. Miaka kumi na moja. Nikitoka humu naenda wapi?”

Bi Nyamizi aliacha kucheka. Alikaa kwenye ukingo wa wadi ya wazazi, akamega tonge la ugali wa mgonjwa, akatafuna akifikiri.

“Mgeni akija kwako, akakaa siku kumi,” alisema hatimaye, “akiondoka, unamfanyaje?”

“Namsindikiza.”

“Mpaka wapi?”

“Mpaka panapofaa. Njia panda. Au mpaka kwake, kama njia ni mbaya.”

“Basi. Hilo dude lina siku kumi kwako. Halijasindikizwa.”

Walimfuata Luhende dirishani kwake, na Luhende, baada ya kutazama huku na huku, aliwaeleza alichokijua. Jabali likiviringika, hata bila injini, kioo huandika *Tunasonga mbele*, na mradi huwa bado uko njiani. Likisimamishwa, hungoja dakika kumi, kwa adabu. Zikipita hizo, hutangaza.

“Tukilisogeza mpaka Mwangaza likatangaza kule?” aliuliza Bi Nyamizi.

“Hospitali itakuwa kule. Ile yenye dawa. Na hii itakuwa nyumba ya dada tena. Lakini kusukuma gari la Serikali ni miaka miwili jela. Kusukuma ni kusema limeharibika.”

“Nani kasema kusukuma? Mtu akimsindikiza mgeni hamshiki begani?”

Bwana Kilatu alipopelekewa ombi, alisoma kitabu chake siku nzima. Akakuta kwamba wananchi waweza kulisindikiza gari la kiongozi kwa nyimbo, kwa vigelegele, na kwa mikono yote miwili, ili mradi mwenyeji atangulie mbele akionyesha njia. Alifurahi kuliko walivyotegemea. Jabali moja likifika mara mbili, katika taarifa zake ingekuwa miradi miwili.

*

Walianza siku ya kumi na nne alfajiri, kwa sababu kibali hakikupigwa muhuri kabla ya hapo. Watu arobaini waliweka mikono kwenye mgongo wa Jabali. Bi Nyamizi alikuwa bega la kwanza kulia, kanga imefungwa kiunoni. Luhende aliketi kwenye usukani na kukanyaga breki kwa miguu miwili kila walipopumzika, mpaka mawe yawekwe nyuma ya magurudumu. Mara mawe yakikaa, usingizi ulimchukua papo hapo, paji la uso kwenye honi ambayo kwa bahati njema haikuwahi kulia. Kabla ya kuondoka alimvulia Bi Sikudhani saa yake ya mkononi.

“Wewe ndiye unayetangulia, dada. Mkononi huna kitu. Dakika ya nane ikifika, piga kelele twende. Usituangushe.”

“Siwaangushi.”

Jabali lilikuwa na uzito wa ng'ombe wengi. Liliposogea, liliimba: “Tunasonga mbele,” na watu wakaitikia kwa kuhema. Walisogea hatua kumi, wakaweka mawe, wakapumzika, wakasogea hatua nane. Bi Sikudhani alitembea mbele, macho kwenye mshale wa saa, na kila dakika ya nane alipiga kelele. Saa nne mtu mmoja alivunjika vidole viwili chini ya jiwe. Alivifunga kwa kitambaa, akarudi kusukuma kwa bega. Saa sita walianza kutapika waliokunywa maji haraka. Saa nane hakuna aliyetania tena isipokuwa Bi Nyamizi.

“Sikudhani! Umwambie Waziri huyu apunguze friji moja!”

Bwana Kilatu aliwafuata nyuma kwa pikipiki, mwavuli kichwani, akiwakumbusha mara kwa mara kuimba.

Saa kumi na moja jioni walikuwa wamekwenda kilomita moja. Nane zilibaki. Waliweka mawe mbele ya uwanja wa Bi Nyamizi, watu wakaanguka pale pale barabarani kama nguo zilizodondoka kwenye kamba, na Luhende akalala. Bi Nyamizi hakulala. Aliingia ndani kwake, akatoka na mtungi na vikombe, akawapitia wote arobaini, mmoja mmoja, akiinua vichwa vya wasioweza kuinuka.

Bi Sikudhani alisimama mbele ya gari na saa mkononi. Dakika ya tatu. Alitazama barabara inavyopanda. Kesho wangeongeza kilomita moja, na baada ya siku nane labda wangefika, kama mikono ingekuwapo. Kwake yeye hakukuwa na kesho. Kulikuwa na saa moja. Ikifika saa kumi na mbili Jabali likiwa bado liko njiani, Kituo cha Afya cha Mwangaza kingehesabiwa bado kiko pale kilipofunguliwa, naye angetolewa nje, amepona.

Dakika ya tano. Hakuhitaji lifike Mwangaza. Jambo hilo lilimjia kwa utulivu, bila aibu yoyote, kama hesabu ya kitambaa: nyumba yake ilihitaji tu gari lifike mahali pengine. Mahali popote pengine.

Alimtazama mjukuu mdogo wa Bi Nyamizi, aliyekuwa mlangoni akinyonya kidole. Kisha hakumtazama tena.

Dakika ya nane. Mdomo wake ulifunguka. Kelele ilikuwa tayari kooni, ameshaizoea tangu alfajiri. Akaimeza.

Dakika ya tisa, Bi Nyamizi alimfikia, wa mwisho, akampa kikombe.

“Kunywa, shoga. Muda bado upo?”

“Bado upo,” alisema Bi Sikudhani, akanywa maji yote.

“Umefika,” ilisema sauti ya mwanamke mtulivu.

Luhende aliinua kichwa. Watu waliinuka mmoja mmoja, wakakodoa macho kwenye kioo, wengine wakaliwekea gari mikono upya kana kwamba linaweza kubembelezwa. Bwana Kilatu alikuwa ameshashuka kwenye pikipiki, kitabu kimefunguka.

“Hongereni! Hongereni sana! Mwenye nyumba hii ni nani?”

Bi Nyamizi alikuwa anamtazama Bi Sikudhani.

“Saa ilikuwa mkononi mwako.”

“Ilisimama,” alisema Bi Sikudhani. “Saa ya Luhende ilisimama.”

Luhende aliichukua saa yake. Aliiweka sikioni, akasikiliza, akamtazama Bi Sikudhani kwa muda mrefu. Kisha akaivaa, asiseme kitu, kwa sababu naye alikuwa ameajiriwa.

“Miaka kumi na moja, Nyamizi,” Bi Sikudhani alisema kwa sauti ya chini. “Yako ni ya udongo.”

Bwana Kilatu aliwaomba wananchi vigelegele, maana kitabu kilivitaka. Makoo yote yaligoma. Liliitika koo moja tu, lile lililokunywa maji mwisho, nalo ndilo lililoanza.

*

Jumatatu Bi Sikudhani alipewa cheti cha kupona. Picha ya mumewe iliandikiwa uhamisho kwenda kituo kipya, pamoja na cherehani na kitanda, lakini nyumba ilibaki, vyumba vyote vitatu, na mlango. Alikaa kibarazani akishona kwa mkono. Watu walipita barabarani bila kumwamkia, na aliwahesabia kuwa wana haraka.

Kabla ya adhuhuri alikuja mwanamke kijana, mgeni, anatoka mabondeni, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa wa moto, shingo yake imelegea, macho meupe. Mwanamke alisimama akipepesuka.

“Shikamoo, mama. Nimeambiwa hapa ndipo hospitali.”

“Marahaba. Ilikuwa hapa. Imehama.”

“Iko wapi sasa?”

Bi Sikudhani aliinuka ili aonyeshe vizuri. “Panda hapo juu. Kilomita moja tu. Utaona gari kubwa jeusi, na nyumba ya udongo. Hapo hapo.”

“Kuna dawa, mama?”

“Zimejaa,” alisema Bi Sikudhani, akaingia ndani, akafunga mlango wake.